Upande wa Tantine Zaina

Siku ya tatu baada ya kumzika shangazi yangu, Tantine Zaina, tulikaa wanawake sita kuzunguka sinia moja katika nyumba yake ya Kabondo, hapa Kisangani, na Mama Aziza, binamu yake aliyekuja kutoka Kindu, akaanza kumsifu marehemu. Alimsifu kwa ibada yake, kwa ukarimu wake, kwa sauti yake iliyoweza kumwita mtu kutoka uani hadi barabarani, kisha akafika kwenye chakula. "Zaina alijua kula na batu," alisema, huku akibonyeza tonge lake. "Ule mwaka mbele ugonjwa imushike, munakumbuka? Upande yake njo ilikuwa inaisha ya kwanza. Sinia yote iko bado na wali, kwake unaona chuma." Wote wakaitikia, eee, ni kweli, alikuwa anakula. Kisha wakanigeukia mimi, kwa sababu mwaka ule wa kabla ya ugonjwa mimi ndiye niliyekaa ubavuni mwake, na shahidi bora kuliko mimi hayupo. Nikasema ni kweli. Nimepita miaka arobaini, kazi yangu ni kufundisha watoto wa watu, na bado nilifungua mdomo nikasema ni kweli, na tonge likapita kooni bila shida. Ninaandika kurasa hizi kwa hasira ya neno hilo. Sitegemei kwamba zitanisaidia.

Nianze na sinia, maana asiyekula kama sisi hataelewa. Kwetu hakuna sahani ya mtu. Kuna sinia, na kila mtu ana upande wake. Ukishakaa umekaa: mbele yako pale, kuanzia ukingoni hadi katikati penye nyama, ni shamba lako, na hulimi la mwenzio. Mpishi akija kuondoa sinia hatazami nyuso za watu, anatazama chuma. Upande uliosafishwa unamshukuru, upande uliobaki na wali unamsema. Anayeacha upande wake bila homa inayojulikana amesusa, na anayesusa ana neno moyoni juu ya mwenye chungu. Nimewahi kuona wazee wakiitwa kutoka Mangobo kuja kusuluhisha mama na mkwe kwa ajili ya kiganja kimoja cha pilau kilichobaki. Jirani zetu Wakristo, ambao kila mmoja alikula na sahani yake, walituona watu wa ajabu, nasi tuliwahurumia kwa upweke wao. Leo nawaona walikuwa na akili.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilisoma Kiingereza chuo kikuu na kulala kwa Tantine, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jiko. Nilikuwa mwembamba na mwenye njaa ya kudumu, ile njaa ya mwanafunzi ambayo haina aibu. Tantine alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, muuza vitenge, mwanamke mkubwa wa mwili kiasi kwamba kitanda chake kilitengenezwa na seremala kwa vipimo vyake. Mama yake, Bibi Mwanaidi, ndiye aliyetawala jiko la uani, na mwili ule wa binti yake ulikuwa fahari yake. Wakati wa vita, binti huyo akiwa mdogo, alimlisha majani na maganda ya ndizi, akaapa mbele ya Mungu kwamba vita vikiisha mtoto huyu hatajua tena njaa ni nini. Alitimiza kiapo. Lakini magoti ya Tantine yalikuwa yamekufa, sukari ilikuwa imempanda, na kwa miaka minne alikuwa akisali juu ya kiti, akiinamisha kichwa kidogo tu mahali pa kusujudu. Aliniambia mara moja kwamba kiti kile kinamwaibisha kuliko kitu chochote duniani. Hivyo akaenda India. Watu wote aliwaambia anaenda kutibiwa magoti.

Alirudi baada ya wiki tano, akajifungia nami chumbani kwake siku hiyohiyo, kabla hata ya kuvua viatu. Chumba kilikuwa na kitanda kile kikubwa, kabati lenye kioo, marobota ya vitenge mpaka dari, na kile kiti. Akafungua blauzi akanionyesha makovu matano madogo, kila moja na urefu wa punje ya mahindi. Kisha akatoa karatasi kutoka kwenye mkoba. Ilikuwa ya Kiingereza, ndiyo sababu alinihitaji mimi.

"Soma pole pole," aliniambia. "Na usome yote, hata yenye iko mubaya."

Nilisoma na kumwandikia katika daftari. Walikuwa wamemkata tumbo la ndani, wakamwachia kipande chenye unene wa ndizi moja. Karatasi ilisema ale vijiko vitatu au vinne, si zaidi, aanze na samaki, yai au nyama laini, wali mwishoni kama nafasi ipo. Atafune mpaka kitu kiwe uji. Asinywe maji pamoja na chakula. Ameze vidonge vya vitamini kila siku, maisha yake yote. Akitapika siku kadhaa mfululizo aende hospitali, na aseme mara moja kwamba amepasuliwa tumbo. Na kwa siku za sikukuu kulikuwa na ukurasa mzima, kwa sababu inaonekana hata huko kwao watu wana mama na shangazi. Ale kidogo nyumbani kabla ya kwenda karamuni. Amweleze mwenyeji mapema. Atumie sahani yake mwenyewe, ndogo. Akishiba aweke kijiko chini na aendelee kuzungumza na watu, kwani sikukuu ni watu, si chakula. Nilipofika hapo tulicheka mpaka Tantine akashika makovu yake. "Sahani yangu mwenyewe!" alisema. "Nimwambie Bibi vile? Alors, aniletee na kitanda yangu pembeni, na kaburi yangu pembeni." Tulicheka sana. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hatukukirudia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakusema. Mimi mwenyewe nilimwuliza. Alinijibu kwamba mwanamke wa Kisangani akikonda, watu wana majibu mawili tu: ni ule ugonjwa, au amelogwa. Akisema amelipa watu wamkate tumbo kwa hiari yake ili asile, jibu la tatu ni kwamba amerukwa na akili. Na Bibi? Bibi angeona kwamba bintiye amekwenda ng'ambo kukatiwa ile kazi aliyoifanya yeye kwa miaka yote. Nilimwelewa. Nilikuwa kijana, nilipenda kuwa na siri na mtu mzima, na nilijiona mwenye akili kwa sababu nimesoma karatasi. Kijana mwenye nusu ya elimu ni hatari kuliko asiye nayo kabisa.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri, na inanichoma kukubali hilo. Bibi aliamini kwamba dawa za magoti zinamzuia Tantine kula mafuta, kwa hiyo alimruhusu kula chumbani. Nilimpelekea yai la kuchemsha, mchuzi wa samaki waliotoka kwa wavuvi wa Wagenia asubuhi ileile, kijiko cha lituma laini, ile ndizi ya kuponda tunayoipenda hapa. Alitafuna akitazama saa ya ukutani. Alimeza kidonge chake kila alfajiri. Uso wake ulianza kutoka mashavuni, na siku moja ya Ijumaa alikisukuma kiti pembeni, akatandika msala chini, akapiga magoti. Alikaa katika sijda muda mrefu mpaka nikadhani ameshindwa kuinuka. Aliponyanyua kichwa alikuwa analia. "Mwaju," aliniambia, "nimesikia harufu ya mukeka. Miaka ine sikuisikia." Nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kufurahi kwa ajili yangu.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani hakuna anayekula chumbani. Tantine alifunga kama wote, maana kutofunga kungetaka maelezo. Futari ya kwanza tulikaa wanawake watano kwenye sinia: Bibi, Tantine, mimi na jirani wawili. Kulikuwa na mikate ya kukaanga, uji wa mchele, kisha wali na kuku katikati. Tantine alikula kwa mkono kiasi cha vijiko vyake vinne, akaweka mkono juu ya goti, akaanza kuzungumza na watu kama karatasi ilivyosema. Alizungumza vizuri sana. Watu walicheka. Sinia ikabaki na pande nne safi na mlima mmoja. Bibi aliutazama mlima ule muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuwa nayo kamwe: "Zaina, nilikukosea nini?" Akabeba sinia mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia.

Kesho yake Tantine aliniweka mkono wake wa kulia, magoti yetu yakigusana. Mbinu tuliigundua siku hiyo, na kufikia mwisho wa wiki tulikuwa mafundi. Sikuchota juu, nilichimba chini. Nilipitisha vidole chini ya wali wake mpaka nyuma, nikavuta taratibu, na upande wake ukaporomoka kuelekea kwangu wenyewe bila mtu kuona mkono ukivuka. Yeye alikuwa akipeleka vidole mdomoni mara kwa mara, vikiwa na punje mbili, tatu. Nyama aliyopewa aliisukuma chini ya wali, nikaikuta kwenye shimo langu. Bibi akarudisha uso wake wa furaha. Kila jioni alitazama chuma kinachong'aa mbele ya binti yake na kusema al-hamdulillah. Na hapa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilifurahia. Nilikuwa mwenye njaa, na chakula cha Bibi kilikuwa kitamu, na sasa nilikula pande mbili kila siku na kuitwa mtoto mwema. Sketi zangu zilianza kunibana. Chuoni waliniambia, "Mwaju, sasa uko mama ya quartier," yaani mama mnene wa mtaa, nami nikacheka nao. Kuna siku nilikaa darasani nikingojea magharibi kwa hamu, na sikuwa nikimwaza Tantine hata kidogo.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani akaniapisha. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, chumbani kwake. Alileta msahafu, akaweka mkono wangu juu yake. "Apa kama hautamwambia mutu ile opération. Hata Bibi. Hata nikiwa mugonjwa. Hata kama ni docteur, kama Bibi iko pale." Nilisita kwa lile la daktari, nikamwambia karatasi inasema kinyume. Akanibana mkono. "Bibi akijua, itamuua. Unataka kumuua?" Niliapa.

Mama Aziza alikuja kwa ajili ya Idi, akalala chumba kimoja na Tantine, na siku ya pili akaniita pembeni ya tangi la maji. "Mutoto, Zaina amekonda vile juu ya nini? Na ile kidonge anamezaka kila asubuhi, saa ileile, ni ya nini?" Nilimwambia ni ya magoti. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyedanganywa, akasema tu, "Bon. Mungu amusaidie." Sote tulijua ni dawa gani humezwa kila asubuhi saa ileile na watu waliokonda. Nilimpelekea Tantine maneno hayo, na ningali najiuliza kwa nini sikuyameza. Akachukua chupa yake ya vidonge, akaenda chooni, akaimimina yote shimoni. "Kisha sikukuu nitaagiza ingine," alisema. Sikukuu haikuisha. Baada ya Idi kukaja harusi, baada ya harusi akina Mama Aziza wakabaki, maana mgeni wa Kindu haondoki mpaka mashua ipatikane, na kila mara Tantine alisema wiki kesho.

Siku ya Idi yenyewe kwetu kuna desturi. Mama wa nyumba hufinyanga tonge la kwanza kutoka katikati ya sinia, nyama na wali, na kumlisha kila mtoto wake kwa mkono, hata mtoto mwenye wajukuu. Halikataliwi. Bibi alimlisha Tantine tonge lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, kisha, kwa kuwa alikuwa na furaha, la pili. Nilimwona Tantine akitafuna na kutafuna huku wote wakimngojea, na Bibi akimshika kidevu, "Meza, mama, meza." Akameza. Nilimkuta nyuma ya bafu, ameshika ukuta kwa mikono miwili, akitapika bila sauti ili asisikike. Nilimshika mgongo. Nilihisi mifupa ambayo sikuwahi kujua anayo.

Tangu siku hiyo hakuacha kutapika. Yai lilirudi, mchuzi ulirudi, hata maji. Nilingoja siku tatu, nne, nikaleta daftari nikamsomea kwa mwandiko wangu mwenyewe: akitapika siku kadhaa mfululizo aende hospitali. Alikuwa amelala ubavu, kitambaa chenye limau puani. "Ile karatasi," alisema, "iliandikwa na batu benye hawana bamama." Akafumba macho. Nilikunja daftari. Ningeweza kubishana, nilikuwa nikibishana na maprofesa kila siku. Sikubishana. Jioni nilikaa mahali pangu kwenye sinia na kuchimba chini, na Bibi akatazama chuma akashukuru. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa tangu wadogo, lakini methali haisemi kitu juu ya yule anayemsaidia kuficha.

Ilipokaribia Idi ya kuchinja Tantine alianza kupoteza ndara zake. Zilimtoka mguuni naye akaendelea kutembea bila kujua. Kisha akaanza kutembea miguu ikiwa mbali mbali, akishika makabati. Asubuhi moja aliniita akicheka: "Mwaju, kuya uone. Niko naona ba Bibi babili, na bote banakasirika." Nilicheka naye, na nilipotazama macho yake nikaona yanatetemeka kwa upande, kushoto, kulia, hayatulii. Siku ya sikukuu tulimketisha kwenye sinia tukiwa wawili. Mkono wake ulikwenda kuchukua wali ukagusa mkeka. Niliusogeza kwa goti langu. Kulikuwa na mbuzi mzima siku ile, na nilikula upande wangu wote na upande wake wote, mbele ya wageni kumi, na Bibi akatangaza, "Munaona? Mutoto wangu amerudilia kula!" Wakapiga vigelegele. Siku mbili baadaye Tantine aliuliza baba yake amerudi kutoka Yanonge au bado. Baba yake alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Tulimpeleka hospitali asubuhi, Bibi, Mama Aziza na mimi. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mpole. Alimwangalia ulimi, akambonyeza tumbo juu ya kitenge, akamwuliza leo ni siku gani, naye Tantine akamjibu kwa heshima kubwa kwamba ni siku ya soko. Kipimo kilionyesha malaria, na nani Kisangani hana malaria. Lakini kitu kilimsumbua daktari, nilikiona. Aliinama tena juu ya macho yale yanayotetemeka, akanyanyuka, akauliza:

"Anakulaka?"

"Docteur, anakula kuliko sisi bote," Bibi alisema, na kulikuwa na fahari katika sauti yake hata pale. "Juzi tu, kwa sikukuu, alimaliza upande yake yote. Uliza huyu mutoto. Ni yeye anakulaka naye."

Daktari alinigeukia. Mama Aziza alinigeukia. Tantine naye alinigeukia, akinitafuta kwa macho ambayo hayakuweza kunikamata. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwa lugha tatu, lilikuwa katika daftari langu kwa mwandiko wangu: aseme mara moja kwamba amepasuliwa tumbo. Nilikumbuka msahafu. Lakini nisijitetee kwa msahafu peke yake. Nilimwona Bibi amesimama pale na kanga yake ya Idi, na nikawaza kwamba nikisema, ataelewa papo hapo ni nani aliyekula chakula chote kile, jioni baada ya jioni, nikinenepa mbele yake. Niliona aibu. Ilikuwa aibu ya tumbo, ndogo na ya kitoto.

"Ndiyo, docteur," nilisema. "Anakula muzuri."

Akaandika. Wakamtundikia kinini ndani ya maji ya sukari, chupa moja, kisha nyingine. Kufikia kesho yake hakumjua Bibi. Siku ya tatu hakuamka mpaka alasiri. Siku ya nne nilimfuata daktari kwenye korido, nje ya macho ya watu, nikamwambia yote, operesheni, kutapika, vidonge, sinia. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Alinieleza baadaye, akichora kwenye kipande cha karatasi, kwamba kuna vitamini moja, B1, ambayo mtu asiyekula na anayetapika humwishia, na mwili uliokaukiwa hivyo ukimwagiwa sukari humaliza hata ile kidogo iliyobaki, na ubongo ndio unaoungua. Alituma watu maduka yote ya dawa mjini, zikapatikana sindano. Macho ya Tantine yalitulia jioni ileile. Mengine hayakutulia. Daktari hakunigombeza, na ningemshukuru kama angenigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia ile siku ya kwanza, ningeanza na hii sindano mbele ya kumupa serum, ile maji ya sukari. Bon. Tufanye yenye inabaki." Bibi hakuambiwa. Nilimwomba daktari, naye akanitunzia siri, na hivyo nikawa nimeshinda.

Tantine aliishi miaka mingi baada ya pale, miguu yake ikiburuta, na akili yake ikiwa imesimama mahali pamoja, kabla ya safari ya India. Yaliyofuata hayakuingia tena. Ungeweza kumsalimia, ukatoka, ukarudi, akakupokea kama umetoka safari. Jambo gumu lilikuwa asubuhi. Kila asubuhi aliamka akitarajia mwili wake, akakuta mikono hii mingine juu ya shuka, akaitazama mbele na nyuma. "Nani alinikondesha hivi?" aliuliza. Bibi alimjibu, "Ugonjwa, mama," kwa miaka yote aliyobaki nayo, bila kuchoka, mpaka naye akafa akiamini kwamba mtoto wake alikuwa akila vizuri. Niliacha masomo mwaka mzima nikamtunza Tantine, kisha nikarudi nikafundisha na kuendelea kumtunza. Watu walinisifu. Wanaume wawili waliotaka kunioa walichoka kungoja. Nilikuwa mnene sasa, na ningali, na daktari wangu ameniambia mara mbili kwamba kuna operesheni. Nimekataa kumsikiliza.

Bibi alipokufa nilijiambia kwamba kiapo kimekwisha, sasa naweza kusema. Nilingoja arobaini ipite. Asubuhi moja nilimkalisha Tantine uani juani, na alipotazama mikono yake akauliza nani alimkondesha, nilimwambia yote. Nilimwambia polepole, kama nilivyomsomea karatasi. Alisikiliza kwa makini, kichwa upande.

"Mi nilienda India?"

"Ndiyo, Tantine. Kukatwa tumbo. Ulikuwa unataka kusali chini."

Alifikiri. Hilo alilikubali, akagusa goti lake. "Na docteur alikuuliza, na weye ukasema nakula."

"Uliniapisha, Tantine. Juu ya musahafu. Ulisema nisiseme hata kwa docteur, kama Bibi iko pale."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yametulia kabisa, macho ya muuza vitenge anayepima mteja. "Hapana," alisema. "Mutoto, usinisingizie. Mutu hawezi kumwapisha mutoto wa kaka yake kitu kama ile. Kama ulinyamaza, sema ulinyamaza."

Nilimwambia tena. Nilimtajia chumba, saa, jinsi alivyonibana mkono. Alitikisa kichwa kwa kila neno, si kwa ukali, kwa uhakika tu, na nikaona kwamba sitakuwa na shahidi kamwe. Watu wawili tulikuwa chumbani mle, na mmoja, kwa kumbukumbu yake, hakuwahi kufika huko. Niliingia ndani kumletea uji ili asinione usoni. Nilikawia kidogo jikoni. Niliporudi alikuwa amekwisha sahau kwamba amenikasirikia. Alinitabasamia, akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi upande wake wa kulia, akaangalia bakuli, kisha akaniangalia mimi, akalisukuma kwangu.

"Kula weye, Mwaju," alisema. "Miye nimeshiba."